Paul Morphy: Bingwa Aliyecheza kwa Jeshi Pungufu

Mwezi wa Desemba mwaka 1846, Jenerali Winfield Scott, mkuu wa jeshi la Marekani, alipita katika mji wa New Orleans akiwa njiani kwenda kuongoza vita dhidi ya Meksiko. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, urefu wa futi 6 na inchi 5, mwenye kupenda sare za mapambo, na aliyejihesabu kuwa si mchezaji haba wa sataranji. Yasimuliwa kwamba jioni moja aliomba atafutiwe mpinzani wa kufaa, naye akaletewa mtoto wa miaka 9, mwembamba, aliyevikwa nguo za mahameli kama anayepelekwa kanisani siku ya sikukuu. Jenerali alidhani anafanyiwa mzaha, na uso ukambadilika. Wenyeji wakamsihi ajaribu tu. Wakacheza michezo miwili. Jenerali akashindwa yote miwili, na mtoto akarudishwa nyumbani kulala.

Mtoto huyo alikuwa Paul Morphy, ambaye miaka 12 baadaye Ulaya nzima ilimkubali kuwa mchezaji bora kabisa wa sataranji aliyekuwa hai. Ushindi wake umeandikwa katika vitabu vingi, na sina haja ya kuurudia wote hapa. Jambo ninalotaka kumsimulia msomaji ni desturi moja aliyoishika tangu ujana wake mpaka mwisho wa uchezaji wake, nayo ni kuondoa kete zake mwenyewe ubaoni kabla ya mchezo kuanza, ili mtu dhaifu kuliko yeye apate nafasi ya haki.

Kila aliyekaa kambini anaijua shida hiyo. Chini ya mwembe kuna ubao wa drafti, na kuna koplo mmoja ambaye hashindwi. Wiki ya kwanza watu hupanga foleni kumjaribu. Wiki ya pili wanabaki wawili watatu. Mwezi ukiisha, koplo anakaa peke yake na ubao wake, kwa sababu hakuna apendaye kushindwa kila siku, na wala yeye mwenyewe haoni tena raha ya kushinda. Wachezaji wa sataranji wa Ulaya na Marekani katika karne ya 19 walikuwa na dawa ya ugonjwa huo, nayo ni kuachia kete.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, sataranji huchezwa juu ya ubao wa vyumba 64. Kila upande una kete 16, yaani mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Anayemfunga mfalme wa mwenziwe asiweze kwenda popote ndiye mshindi. Katika kuachia kete, mchezaji hodari hupunguza jeshi lake kwa kadiri ya tofauti iliyopo baina yake na mpinzani, nazo tofauti hizo zilikuwa na ngazi zilizojulikana na wote, mfano wa vyeo. Ngazi ndogo iliitwa askari na mwendo: mwenye nguvu humwondoa askari wake mmoja, kisha humwacha mwenziwe aanze. Iliyofuata ilikuwa askari na miendo miwili, yaani mwenziwe hucheza mara mbili kabla yeye hajagusa kitu. Baada ya hapo huachwa farasi, kisha ngome, na mwisho malkia mzima, ambaye aghalabu huachiwa mwanafunzi anayeanza kujifunza. Wawili waliozoeana walipandisha na kushusha ngazi hizo wenyewe. Mdogo akianza kushinda mfululizo, ile kete ilirudishwa ubaoni, naye alijua kwamba amepanda cheo.

Askari anayeondolewa si yeyote tu. Ni yule anayesimama mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Mwanzoni mwa mchezo askari huyo hulindwa na mfalme peke yake, na akiondoka, mlango wa mfalme hubaki wazi tangu dakika ya kwanza. Lakini hasara hiyo ina faida ndogo ndani yake, kwa maana mfalme akiisha kujificha pembeni, ngome yake hupata njia nyeupe ya kushambulia. Mwaka 2016, bingwa wa Marekani Hikaru Nakamura alipocheza michezo minne na programu ya kompyuta iitwayo Komodo, kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa ikiachia, na miongoni mwa vitu ilivyoachia alikuwamo askari huyo huyo. Nakamura alitoka suluhu mara tatu na kushindwa mara moja.

Askari watafahamu upesi kwa nini kucheza pungufu ni kazi nzito. Kikosi cha watu 16 kikikabili cha watu 15, upungufu hauonekani. Lakini pande zote mbili zikipoteza watu sawasawa, mpaka mmoja akabaki na wawili na mwingine akabaki na mmoja, vita vimekwisha. Kwa hiyo anayeachiwa hutaka kubadilishana kete kila apatapo nafasi, na aliyeachia hukwepa. Huyu wa pili hana budi kushambulia mapema, kufungua njia na kumtia mwenziwe katika mashaka mengi kwa wakati mmoja, huku akijua kwamba shambulio likipoa hana akiba nyuma.

Morphy alizaliwa kwa kazi hiyo. Alizaliwa New Orleans tarehe 22 Juni 1837, katika nyumba ya watu wenye mali na heshima. Baba yake, Alonzo Morphy, alikuwa mwanasheria aliyepanda mpaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo la Louisiana. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Kifaransa na alipenda sana muziki. Katika nyumba hiyo sataranji ilichezwa siku za mapumziko, na mtoto aliujua mchezo kwa kuwatazama wakubwa tu. Mwaka 1850 alipita pale Johann Löwenthal, bingwa wa Hungaria aliyeikimbia nchi yake baada ya mapinduzi kushindwa. Alicheza na kijana huyo wa miaka 12, naye hakupata ushindi hata mmoja.

Familia haikumlea awe mchezaji. Alipelekwa katika chuo cha Spring Hill karibu na mji wa Mobile, kisha akasoma sheria na kupata shahada yake mwezi wa Aprili mwaka 1857. Alikuwa bado hajatimiza miaka 21, na kwa hiyo sheria haikumruhusu kufanya kazi ya uwakili. Ni kana kwamba alipewa likizo, na likizo hiyo ndiyo iliyomfanya mashuhuri duniani.

Katika chuo cha Spring Hill alimpata rafiki aitwaye Charles Maurian, naye Morphy ndiye aliyemfundisha sataranji. Mwanzoni alimwachia kete kubwa, kisha akazidi kupunguza kadiri mwenziwe alivyoendelea, mpaka wakafika kwenye farasi. Msomaji alishike jina hilo la Maurian, kwani tutarudi kwake.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1857 wachezaji bora wa Marekani walikutana New York katika mashindano yao makuu ya kwanza. Morphy aliwashinda wote. Katika raundi ya mwisho alimshinda Louis Paulsen kwa michezo 5 dhidi ya 1, na suluhu 2. Lakini nje ya mashindano ndiko tabia yake ilikoonekana. Wakati wote aliokaa New York alicheza michezo 261, na kati ya hiyo ni 100 tu iliyokuwa ya sawa kwa sawa. Alishinda 87, akatoka suluhu 8, akashindwa 5. Michezo 161 iliyobaki aliicheza kwa kuachia. Yaani zaidi ya nusu ya michezo ya kijana huyo, katika majira yaliyomtangaza kuwa bingwa wa nchi, aliicheza akiwa na jeshi pungufu.

Mmoja wa walioachiwa alikuwa Charles Stanley, ambaye alikuwa bingwa wa Marekani kabla yake. Kwa mtu wa namna hiyo kukubali kuachiwa askari na mwendo mbele ya watu si jambo dogo. Ni kama mkongwe mwenye nishani kukubali atangulizwe hatua kumi katika mbio na kuruta. Stanley alikubali, na alishindwa michezo minne pasipo kushinda hata mmoja. Inasimuliwa kwamba Morphy, akijua kwamba mpinzani wake alikuwa na udhaifu wa ulevi, alizipeleka zile fedha za dau kwa mke wa Stanley, na kwamba mama huyo alimwita binti yake Pauline kwa shukrani.

Mwaka 1858 alivuka bahari kwenda Uingereza. Nia yake kubwa ilikuwa kucheza na Howard Staunton, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kinara wa sataranji wa Kiingereza. Staunton alikuwa akishughulika na kuhariri tamthilia za Shakespeare. Aliahirisha, akaahirisha tena, na mechi haikufanyika. Waandishi wamegombana juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, nami sitaongeza kelele. Morphy alicheza na waliokuwapo. Löwenthal, yule mkimbizi wa mwaka 1850, alishindwa michezo 9 na kushinda 3. Morphy alipokea fedha za ushindi, kisha akamnunulia Löwenthal samani za nyumba zenye thamani iliyozidi fedha hizo.

Palikuwapo pia kasisi aitwaye John Owen, mmoja wa wachezaji hodari wa Uingereza, na miongoni mwa watu wachache waliopata kumshinda Morphy katika mchezo wa sawa. Morphy alimwachia askari na mwendo katika mechi ya michezo saba. Mtu angetazamia kwamba kasisi, akiwa na faida hiyo, atafanya vizuri zaidi. Ikawa kinyume. Owen hakushinda hata mchezo mmoja; alishindwa mitano na kutoka suluhu miwili. Mimi naona sababu yake si ya ubaoni peke yake. Mtu akiachiwa kitu huanza kukilinda. Huacha kushambulia, huhesabu kete zake kama mtunza bohari, na kumbe mwenziwe, asiye na cha kulinda, amekwisha kuingia ndani ya boma.

Kutoka London alikwenda Paris, kwenye mkahawa wa Café de la Régence, ambako sataranji ilikuwa imechezwa tangu karne ya 18. Huko alimshinda Daniel Harrwitz, mchezaji mkuu wa mkahawa huo, na zile faranga karibu 300 alizozipata alizitoa zisaidie gharama za safari ya mpinzani aliyefuata. Mwezi wa Septemba alicheza na watu wanane kwa pamoja bila kuutazama ubao hata mmoja. Alikaa muda wa saa kumi pasipo kula wala kunywa, akashinda sita, na wawili wakatoka naye suluhu. Mwezi wa Desemba alifika Adolf Anderssen wa Ujerumani, mwalimu wa hesabu, ambaye wengi walimhesabu kuwa mchezaji wa kwanza wa Ulaya. Morphy alikuwa amedhoofishwa na homa. Hata hivyo alishinda michezo 7, akashindwa 2, na 2 ikawa suluhu.

Katika mkahawa huo huo wa Paris, miaka mingi kabla yake, alitamba mtu mwingine ambaye maisha yake yanapaswa kuwekwa kando ya haya. Alexandre Deschapelles alikuwa askari wa Ufaransa, aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani na kubaki na kovu kubwa la upanga usoni. Alikuwa bingwa asiye na mpinzani, lakini alikuwa na sharti moja: hakupenda kucheza na mtu yeyote ila kwa kumwachia askari na miendo miwili. Sharti hilo lilionekana kuwa ukarimu. Lakini lilikuwa pia kinga, kwa sababu akishinda, sifa yake ilikuwa kubwa maradufu; akishindwa, hakuna aliyeweza kudai kwamba amemshinda Deschapelles mwenye jeshi kamili. Mwanafunzi wake La Bourdonnais alipomkaribia kwa nguvu, yule askari aliuacha mchezo, akahamia kwenye karata.

Morphy hakufanya hivyo, na tofauti hiyo ni kubwa. Yeye kwanza aliwatafuta walio bora, akacheza nao sawa kwa sawa, akawashinda mmoja mmoja hadharani. Ni baada ya hapo tu, mwaka 1859, alipotangaza kwamba tangu sasa hatacheza mechi na mtu yeyote ila kwa kumwachia askari na mwendo. Hakuna aliyejitokeza.

Hapa nadhani alikosea, ijapokuwa kwa hesabu alikuwa na haki. Baina ya watu wawili waliokaa meza moja, kuachia ni adabu. Mkubwa anamwambia mdogo kwamba anataka mchezo wa kweli, na yuko tayari kuulipia. Lakini jambo hilo hilo likitangazwa kwa ulimwengu mzima hugeuka. Kila bingwa wa nchi aliyelikubali tangazo hilo angekuwa amekiri udhaifu wake kabla ya kusogeza kete ya kwanza. Akishinda hana sifa, na akishindwa amefedheheka. Morphy alikuwa na umri wa miaka 21 tu, na kwa neno moja aliufunga mlango aliopitia.

Aliporudi New York mwaka huo alipokewa kama shujaa. Mwezi wa Mei alitunukiwa kete za dhahabu na fedha mbele ya umati wa watu. Msemaji mmoja, Kanali Mead, alitamka jambo lililogusia sataranji kama kazi ya kuchumia riziki, na Morphy alikasirika. Kwa mtu wa tabaka lake, mchezo ulikuwa mchezo; kuitwa mcheza kwa malipo ilikuwa tusi. Katika mji huo huo alicheza mechi na James Thompson akimwachia farasi mzima, akashinda michezo mitano na kushindwa mitatu. Thompson hakuwa mtoto mchanga katika sataranji, na wajuzi wanaihesabu mechi hiyo kuwa kati ya kazi zake ngumu. Farasi anayeachwa ni yule wa upande wa malkia. Akiondoka yeye, ngome iliyo jirani yake huingia vitani mapema kidogo. Hiyo ndiyo faida pekee, na Morphy aliitumia mpaka tone la mwisho.

Kisha vikaja vita vyenyewe. Louisiana ilijitenga na Marekani mwezi wa Januari mwaka 1861. Mwezi wa Aprili mwaka 1862 manowari za serikali ya Muungano zilipanda mto Mississippi na kuuteka mji wa New Orleans. Morphy hakuwa mtu wa silaha. Mwaka huo huo aliondoka kwa meli kupitia Havana, akaenda kukaa Paris mpaka tufani ipite. Huko alicheza kidogo, faraghani, na marafiki tu.

Aliporudi alifungua ofisi ya uwakili, lakini haikusimama. Waliobisha hodi walitaka kuzungumza sataranji, yeye akitaka kuzungumza sheria. Mchezo aliokuwa akiuona kuwa burudani ya vijana ukamfuata kama kivuli, hata akafikia kuchukia kuutajwa mbele yake. Mwaka 1883 Wilhelm Steinitz, mchezaji mkuu wa wakati huo, alifika New Orleans na kuonana naye. Morphy hakukubali kusema neno lolote juu ya sataranji. Akili yake nayo ilikuwa imekwisha kuingiwa na mashaka. Alidhani watu wanamnyang'anya urithi, akamshtaki shemeji yake, na akaogopa kutiliwa sumu katika chakula.

Katika miaka hiyo ya giza ni mtu mmoja tu aliyeweza kuketi naye penye ubao. Huyo alikuwa Maurian, rafiki wa Spring Hill. Pamoja naye hapakuwa na hadhira, wala gazeti, wala dau. Morphy aliliondoa farasi lake kama walivyozoea tangu ujana, na Maurian, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amekua na kuwa mchezaji wa kutegemewa, hakuona aibu kulipokea. Alishinda michezo kadhaa, akashindwa mingi. Michezo yao ya mwisho iliyohifadhiwa ni ya mwaka 1869, na hakuna mchezo wa Morphy wa baada ya hapo unaojulikana.

Tarehe 10 Julai 1884, siku ya joto kali, alirudi nyumbani kutoka matembezini, akaingia kuoga kwa maji baridi. Alipokawia kutoka, mama yake alikwenda kumtazama, akamkuta amekufa. Madaktari walisema ni mshtuko wa damu kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 47, naye alizikwa katika kaburi la ukoo wake, katika makaburi ya Mtakatifu Louis mjini New Orleans.